Ufunguo Umo Ndani ya Mashine

Niseme mapema ndio tusizungushane. Kama laptopu yako ilitoka kiwandani ikiwa na Windows 8 au toleo la baadaye, kuna uwezekano mkubwa leseni yake bado imo humo humo, herufi na tarakimu 25 zilizogawanywa mafungu matano, zimeandikwa kwenye chipu ya ubao mkuu, ule ambao sisi mafundi tunauita mazabodi. Haikufutika diski ilipofutwa. Haikuondoka na mwenyewe wa kwanza. Lakini hapa Garissa watu wanalipa kila baada ya miezi kadhaa ili mtu "awaaktivetie" Windows, kama vile wanalipa kodi ya nyumba waliyokwisha kuinunua.

Mimi ni fundi. Nina meza, bisibisi na feni inayosukuma joto kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, hatua chache kutoka Suuq Mugdi. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yanagusa sahani yangu mwenyewe. Wenzangu kadhaa hawatafurahi. Sawa tu. Nasema hivi: cheti usichoweza kukisoma mwenyewe, mwingine atakuuzia. Na sisi watu wa Kaskazini Mashariki, kati ya Wakenya wote, ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Kwanza tuelewe hili jambo linavyofanya kazi. Zamani, enzi za Windows XP na Windows 7, laptopu ilikuja na stika chini yake, na ufunguo umechapishwa pale. Stika ilichakaa kwa jasho na vumbi, lakini angalau uliiona. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, Microsoft na watengenezaji wakabadilisha mtindo. Ufunguo ukaanza kuandikwa kiwandani ndani ya mashine yenyewe, kwenye jedwali dogo linaloitwa MSDM, na stika iliyobaki nje haina tarakimu yoyote ya ufunguo. Ni pambo. Sababu yao ilikuwa na mantiki: stika zilikuwa zikipigwa picha na kubanduliwa, na funguo zinauzwa. Lakini dawa yao ilikuwa na matokeo mengine ambayo hakuna aliyeyatangaza dukani. Mnunuzi hakuonyeshwa tena kitu alichokinunua.

Sasa fuata safari ya mashine. Laptopu imekaa miaka mitatu au minne kwenye ofisi huko Uingereza. Ofisi inabadilisha vifaa, mashine inauzwa kwa jumla, inapanda meli, inatua Nairobi, inapangwa kwenye duka la barabara ya Luthuli au Islii na kupewa jina la ex-UK. Mara nyingi diski imeshafutwa. Muuzaji ana mashine hamsini za kutayarisha kabla ya jioni, hana muda wa kuuliza kila moja ina nini tumboni. Anachukua nakala moja ya Windows aliyoipika mwenyewe, anaimwaga kwenye zote, anaiwekea programu ya kudanganya, basi. Mashine inafungwa kwa katoni, inapandishwa basi la usiku, inavuka daraja la Tana asubuhi, na mwanafunzi wa chuo anaipokea akidhani amenunua laptopu yenye Windows. Amenunua, ndiyo. Leseni halali imo ndani. Kilichowekwa juu yake ni bandia.

Hii programu ya kudanganya inafanyaje? Microsoft ina utaratibu unaoitwa KMS kwa ajili ya mashirika makubwa. Shirika linaweka seva yake, seva inaidhinisha kompyuta za ofisini, na kila kompyuta lazima irudi kuripoti ndani ya siku 180. Kraki inajifanya ni seva hiyo, ndani ya laptopu yako wewe, mtu mmoja uliyekaa Bulla Iftin unaandika CV. Siku 180 zikipita bila mtu wa kujibu simu, yale maandishi hafifu yanatokea pembeni mwa skrini kukudai uaktiveti. Unarudi kwa fundi. Fundi anakwambia, "Windows imeisha." Jamani, Windows haiishi kama gesi ya kupikia.

Mama mmoja mwenye saiba ya kompyuta sita aliniletea mashine zake mwaka uliopita. "Eedo," akaniambia, nami nikamwitikia eedo, maana ndivyo tunavyoitana na mama wa rika lake, "hizi vitu zimenichosha. Nimelipa mara tatu." Alikuwa amelipa, kweli, na kila mara aliambiwa imeisha. Nikafungua dirisha la PowerShell kwenye mashine ya kwanza, nikaandika mstari mmoja:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikatokea tarakimu 25. Mashine ya pili, zikatokea. Kati ya sita, nne zilikuwa na ufunguo wa Windows Pro tangu siku zilipotoka kiwandani. Yule mama hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo nilikuwa nanunua nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Mstari ule si uchawi na si siri. Ni njia ya kawaida ya kuiuliza Windows: mtengenezaji alikuwekea ufunguo gani? Mtu anayetumia Linux anaweza kusoma jedwali lile lile la MSDM moja kwa moja, bila Windows kuwepo kabisa. Na ukitaka kujua kama umewekewa bandia, andika slmgr /dli halafu slmgr /xpr. Ukiona neno VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu uliyoinunua mwenyewe, na tarehe ya kwisha, basi mtu alikuwekea leseni ya shirika ambalo wewe si mfanyakazi wake.

Ninajua kuna mafundi watasema, "Huyu anaahidi maajabu." Basi niweke mipaka wazi, maana ukweli nusu ndio unaotuuza. Mstari ule ukirudi mtupu, huenda mashine ni ya zamani, au iliuzwa bila Windows, au mazabodi ilishabadilishwa, kwa sababu ufunguo unakwenda na ubao. Ukiwa na ufunguo wa Home huwezi kuaktiveti Pro, lazima usakinishe toleo linalolingana. Funguo za Windows 7 na 8, ambazo kwa miaka mingi zilikubalika kuaktiveti Windows 10 na 11, Microsoft ilitangaza Septemba 2023 kuwa njia hiyo imefungwa. Tena ujihadhari na zile programu za bure zinazodai kukuonyesha ufunguo kutoka kwenye rejista ya Windows: kwenye mashine nyingi za leo zinakuonyesha ufunguo wa jumla, unaofanana kwa mamilioni ya kompyuta duniani, ambao hauwezi kukusaidia kitu peke yake. Na Office usiitafute hivyo. Tangu Office 2013, kinachobaki kwenye mashine ni herufi tano za mwisho tu.

Ukiyajua hayo, umejua mengi kuliko wanaokutoza.

Sasa nije kwa linaloniuma. Sisi watu wa huku tunalo neno moja tulilokua nalo: msasa. Mwaka 1989 serikali ilitangaza Wakenya wa asili ya Kisomali wapigwe msasa upya, na waliopita wakapewa kadi ya pinki juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Mtu amezaliwa Garissa, baba yake kazaliwa Garissa, anasimama foleni kuthibitisha kuwa yeye ni orijino. Miaka mingi baadaye kijana wa miaka 18 alikuwa akienda kuomba kitambulisho anaambiwa alete karatasi za babu, akae mbele ya kamati ya wazee. Wengine alama zao za vidole zilikutwa kwenye rejista ya wakimbizi kwa sababu familia ilijiandikisha Dadaab wakati wa ukame ili ipate chakula, na kwa hilo wakakaa miaka bila kitambulisho. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani. Tulishangilia. Lakini muulize yeyote wa rika langu ni nani aliyeneemeka miaka yote ile. Alineemeka yule aliyesimama kati ya mtu na rekodi yake. Rekodi ipo, wewe huruhusiwi kuiona, kwa hiyo kuna mtu pale kwenye korido wa "kukusaidia".

Sitaki kusema laptopu na uraia ni kitu kimoja. Mtu hakosi shule wala hakamatwi barabarani kwa sababu ya Windows. Ninasema biashara ya dalali ni ile ile, na inaota penye giza lile lile. Tofauti ni kwamba safari hii rekodi haiko kwenye kabati la afisa. Iko magotini pako. Hakuna wa kumwomba. Tukishindwa kuisoma hii, basi dalali hatutamwondoa popote.

Na hasara haiishii kwenye elfu moja hapa na elfu moja pale. Karibu kila kraki inaanza kwa kukuambia uzime antivairasi. Fikiria hilo: unafungua mlango, unamfukuza mlinzi, halafu unamkaribisha mtu usiyemjua. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary iliripoti kisakinishi bandia cha KMSPico, moja ya kraki zinazojulikana zaidi, kilichokuwa kimebeba Cryptbot, programu ya kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Sasa iweke hiyo kwenye saiba ya mjini. Ndani ya saiba moja kwa siku moja watu wanaingia eCitizen, iTax na HELB. Mzee asiyejua kusoma anamtamkia kijana nywila yake kwa sauti na kijana anaichapa. Mashine ile ikiwa imetobolewa, hakuibiwa mwenye saiba peke yake. Umeibiwa mtaa mzima.

Hapa wasee wangu wa Nairobi wananijia na hoja tatu, na nitazijibu moja moja.

Ya kwanza: "Buda, kampuni ni tajiri, kraki tu." Mimi simlilii tajiri. Lakini angalia hesabu. Kampuni ile ilishalipwa. Leseni ya mashine yako ililipiwa na ofisi ya kwanza iliyoinunua, na bei uliyotoa wewe ni ya mashine hiyo, na ufunguo umo ndani yake. Ukiikraki humwadhibu tajiri, unajiibia mwenyewe na kumlipa mwizi kazi ya mkono. Tena unampa yule tajiri nafasi ya kukuita haramia ilhali una haki mkononi. Uasi gani huo?

Ya pili: "Kuchokora ufunguo si ndiyo hacking?" Hapana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaziweka programu za kompyuta katika kundi la kazi za fasihi, kapu moja na riwaya unazosoma kwenye jarida hili. Inalinda dhidi ya kunakili na kuuza bila ruhusa. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye mfumo usiokuwa na idhini nao. Kusoma ufunguo wa mashine yako mwenyewe, kwa amri iliyowekwa na mtengenezaji wa Windows mwenyewe, si lolote kati ya hayo. Kosa lingekuwa kuusoma kwenye mashine ya ofisi ya watu ukauuze. Tusichanganye mwenye nyumba na mvunja nyumba kwa sababu wote wameshika kitasa.

Ya tatu ndiyo ninayoiheshimu: "Achana na Windows, weka Linux." Mimi huwawekea watu Linux, na mashine nyingi kongwe zinafufuka nayo. Hata hivyo, mwenye saiba ana wateja wanaotaka faili ifunguke vile ilivyofunguka jana, na mwanafunzi ana somo linalodai programu ya Windows. Uhuru wa kuhama ni mzuri. Uhuru wa kukaa kwako bila kuporwa nao ni uhuru.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao mtu mmoja mmoja hauoni, na ndio unaonifanya niandike badala ya kuwaambia wateja wangu tu. Taasisi. Ingia maabara ya kompyuta ya shule yoyote huku, uliza orodha ya leseni. Mara nyingi utaambiwa, "Alikuwa nayo mwalimu fulani." Na huku walimu huondoka. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Simlaumu hata mmoja aliyepanda gari siku ile. Nani angebaki? Lakini shule ambayo maarifa yake yote yako kichwani mwa mtu mmoja hubaki na vyumba na mashine zilizokufa. Watoto ndio hulipa.

Na hili lina tiba ya alasiri moja. Ule mstari mmoja unaweza kuzungushwa kwenye kompyuta zote za maabara. Mashine inaulizwa jina lake, namba yake ya kiwandani na ufunguo wake, majibu yanaandikwa kwenye faili moja kama jedwali. Faili inachapishwa nakala mbili, moja kwa mwalimu mkuu ndani ya sefu, nyingine kwenye ofisi ya elimu. Siyo kwenye grupu la WhatsApp, tafadhali. Ufunguo uliotundikwa hadharani ni ufunguo uliogawiwa. Siku mashine ikianguka, mtu yeyote aliyemaliza kozi yake North Eastern National Polytechnic ataisimamisha. Hahitaji kumpigia mtu aliyehamia Kitui.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na siyaombi kwa unyenyekevu.

Wauzaji wa ex-UK, kuanzia Luthuli hadi hapa: kabla hujauza mashine, isome. Mwandikie mnunuzi kwenye risiti kama ina leseni yake au haina. Kama haina, sema haina na ushushe bei. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa anayoinunua. Ufunguo wa laptopu ukikosa kuwa habari ya aina hiyo, sijui ni nini kitakuwa.

Watengenezaji: mmetoa stika, sawa. Basi wekeni kitufe ndani ya mipangilio kinachosema, kwa lugha ya binadamu, hii ndiyo leseni iliyokuja na mashine hii. Mwenye mali asilazimike kuandika mstari wa kodi ndio aione mali yake.

Kaunti na shule: orodha, kila mwaka, kama mnavyohesabu madawati. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za huku bado zinaitumia. Huwezi kupanga bajeti ya kuhama kama hujui ulichonacho.

Na mafundi wenzangu. Najua kodi ya kibanda, najua stima inavyokatika adhuhuri kazi ikiwa mezani. Lakini kazi yetu haitakufa kwa kusema kweli. Mtoze mtu kwa kusafisha feni, kwa kuweka SSD, kwa kusakinisha Windows safi inayojiaktiveti yenyewe ikiona intaneti kwa sababu imeukuta ufunguo wake nyumbani. Mtoze kwa ujuzi. Usimtoze kwa kutojua kwake. Yule mama wa saiba hajarudi kwangu kwa ajili ya Windows tena, na hana sababu ya kurudi. Amerudi na printa, na akamtuma dadake, na dadake akamtuma mwalimu wa madrasa.

Wewe unayesoma hii kwenye laptopu, uko nayo hapo hapo. Fungua PowerShell, andika ule mstari. Zikitokea tarakimu, ziandike kwenye daftari, uliweke na cheti chako cha kuzaliwa. Zisipotokea, mpigie aliyekuuzia, umuulize swali la yule mama.